Faili halipotei, hupotezwa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ofisi za umma

Kwa: Wote mliokabidhiwa kusimamia ofisi za umma, kutunga sheria zake na kuongoza vyombo vya kuzuia na kupambana na rushwa

YAH: RUSHWA INAYOZALIWA NA UCHELEWESHAJI NA USIRI

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, naomba mrejee barua zangu tatu zilizotangulia, zote zikihusu jambo hili hili. Ya kwanza niliipitisha kwa mkuu wangu wa kazi, kama utaratibu unavyotaka. Ya pili niliipeleka kwenye kitengo cha malalamiko. Ya tatu niliiandika SIRI juu ya bahasha na kuikabidhi kwa mkono kwa chombo chenye dhamana ya kuchunguza. Zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa, mbili kati yake nikiwa nimesimama pale pale dirishani, na nakala zangu zenye mihuri hiyo ninazo mpaka leo. Majibu sikupata, isipokuwa la ile ya tatu, ambalo nitalieleza mbele kwa sababu lilinifikia kwa njia ambayo halikupaswa kupita. Nimesubiri kiasi cha kutosha; sasa naandika hadharani, bila kinyongo, lakini pia bila kuomba radhi.

Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka 27 hadi nilipostaafu. Masjala ni chumba ambacho wakubwa hawaingii. Huagiza tu faili liletwe. Kwa hiyo aliyekaa humo muda mrefu huiona rushwa inapoanzia, wakati wengine huiona inapotangazwa. Niliyoiona mimi haikuwa na mkoba wa ngozi wala akaunti ya ng'ambo. Ilianza kwa faili kuhamishwa kutoka rafu ya kushoto kwenda rafu ya kulia. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nikiitaja mtashughulika nayo hiyo moja na kuziacha zote zinazofanana nayo.

Siwaombi muwe wakali zaidi majukwaani, kwa maana ukali wa majukwaani tumeusikia na hatukuona faili hata moja likitembea kwa ajili yake. Mtumishi asiye mwaminifu ana bidhaa mbili tu za kuuza: muda wa mwananchi na siri ya karatasi. Mkimnyang'anya hizo mbili, hana duka. Malalamiko yangu yote, ambayo sasa nayapanga kwa namba ili asiwepo wa kusema hayakueleweka, yanarudi hapo.

1. Ucheleweshaji umefanywa bidhaa.

Mwananchi analeta ombi lake: kibali, leseni, hati, mafao ya marehemu. Karani analipokea, analifungulia faili, analipa namba na kuliingiza kwenye rejista. Hadi hapo kila kitu ni halali. Katika masjala yetu, mafaili yaliyosubiri kupelekwa kwa ofisa yalipangwa rafu ya kushoto, karibu na mlango. Rafu ya kulia, nyuma ya kabati lililong'oka bawaba, ilikuwa ya mafaili ya zamani yaliyosubiri kuhamishiwa hifadhi. Faili la mtu ambaye "hajazungumza vizuri" lilihamia rafu ya kulia. Halikuchanwa wala kunyofolewa karatasi. Mkaguzi angefika kesho yake angelikuta zima, na karani angesema limewekwa kimakosa. Mwenye faili akifika dirishani anaambiwa halionekani, apite wiki ijayo. Wiki ijayo mhusika yuko safarini. Wiki inayofuata mtandao unasumbua. Mara ya nne anakutana nje na kijana, kishoka, asiye mtumishi wa ofisi lakini anayejua majina ya wote waliomo, naye anamweleza kwa upole kwamba mkono mtupu haulambwi. Baada ya hapo faili linaonekana kabla saa haijatimia. Mafaili ya namna hiyo nimeyabeba kwa mikono yangu mwenyewe kutoka kulia kuyarudisha kushoto. Sikupokea kitu, lakini nilinyamaza miaka mingi kabla ya kuandika ile barua ya kwanza, na hilo siwezi kulisingizia mtu mwingine.

Namkumbuka mama mmoja aliyefuatilia mafao ya mumewe. Alikuwa na daftari la shule ambamo ameandika tarehe ya kila siku aliyofika kwetu. Siku moja aliliweka dirishani, likiwa na jumla ya tarehe 19, akaomba ofisa atie sahihi mbele ya kila tarehe, ili wanawe waamini kwamba kweli alikuwa akija. Hakuna aliyetia. Alilifunga daftari lake, akashukuru, akaondoka.

Tukisema rushwa, mawazo huenda kwa mtu anayenunua upendeleo asiostahili. Sehemu kubwa ya niliyoiona ilikuwa ya watu kununua kile ambacho kilikuwa chao tangu mwanzo. Ndiyo maana mahubiri juu ya maadili ya raia hunichosha: yule mama hakuwa na tatizo la maadili, alikuwa na faili lililowekwa rafu ya kulia.

Dawa yake inajulikana. Jiji la Seoul, mwaka 1999, lilianza kuweka kwenye intaneti hatua za maombi ya wananchi katika maeneo yaliyosifika kwa hongo, vibali vya ujenzi vikiwemo, hivi kwamba mwombaji aliweza kuona ombi lake liko mezani kwa nani na limekaa hapo tangu lini. Jimbo la Madhya Pradesh nchini India lilitunga sheria mwaka 2010 inayotaja huduma, ofisa anayehusika na idadi ya siku. Ofisa akichelewesha bila sababu ya maana hutozwa faini ya rupia 250 kwa kila siku, isiyozidi rupia 5,000, na fedha hiyo inaweza kupewa mwombaji kama fidia. Faini ni ndogo, nakubali. Lakini hebu tazameni ilichokifanya: imegeuza ucheleweshaji kuwa gharama ya ofisa, badala ya kuwa mtaji wake.

2. Zabuni huamuliwa kabla ya kutangazwa.

Hapa fedha ni nyingi zaidi na makelele ni machache. Hati ya zabuni inaandikwa kama suti inavyoshonwa: vipimo vimechukuliwa kwa mtu mmoja, kisha wote wanakaribishwa kuijaribu. Uzoefu unaotakiwa ni wa miaka ile ile aliyo nayo yeye, mtambo ni wa aina ile aliyokwisha kuagiza, na siku za kuwasilisha maombi zinamtosha tu yule aliyeanza kujiandaa kabla ya tangazo. Wengine wawili wanaoomba ni majina ya kujazia fomu. Akishapata kazi kwa bei ya chini, zinafuata barua za nyongeza ya gharama moja baada ya nyingine, na hizo huwa hazitangazwi popote. Asiyeamini kwamba haya huendeshwa kama biashara iliyopangwa akumbuke kampuni ya ujenzi ya Odebrecht ya Brazil, ambayo Desemba 2016 ilikiri mahakamani nchini Marekani kulipa hongo ya takriban dola milioni 788 katika nchi 12, zikiwemo Angola na Msumbiji, na kwamba ilikuwa na idara maalumu, yenye watumishi wake na mfumo wake wa mawasiliano, kwa ajili ya malipo hayo. Idara nzima! Kwetu masjala tulikuwa tunaomba feni.

Slovakia ilichagua njia ambayo naipenda kwa urahisi wake. Tangu mwaka 2011, mkataba wa serikali hauanzi kufanya kazi hadi uchapishwe kwenye intaneti, na usipochapishwa ndani ya miezi mitatu huhesabiwa kuwa haukufungwa kamwe. Hakuna haja ya kumfukuza mtu wala kuunda tume. Anayetaka kulipwa ndiye mwenyewe atakayehimiza mkataba wake uwekwe wazi.

3. Muhuri wa SIRI unatumika kuficha aibu.

Nimegonga muhuri huo mara nyingi kwa maagizo, na mara chache sana niliona ndani ya karatasi jambo ambalo adui wa nchi angelihitaji. Mara nyingi ilikuwa orodha ya posho. Kanuni inapaswa kuwa kinyume: karatasi ya ofisi ya umma ni ya umma, na anayetaka kuificha ndiye atoe sababu. Wazo hili si geni wala si la juzi. Sweden iliwapa raia haki ya kusoma nyaraka za serikali kwa sheria ya mwaka 1766, enzi za kalamu ya unyoya.

Faida yake hupimika. Uganda, kati ya mwaka 1991 na 1995, ukaguzi wa njia zinazopitia fedha ulibaini kwamba kati ya kila shilingi 100 zilizotengwa na serikali kuu kwa matumizi ya shule za msingi yasiyo ya mishahara, zilizofika shuleni zilikuwa wastani wa 13. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika tangazo la kilichopokelewa. Miaka michache baadaye fungu lililofika lilipita 80. Wapo watafiti wanaosema mabadiliko mengine ya wakati ule nayo yalichangia, na huenda wana haki. Lakini hakuna anayedai kwamba mwalimu mkuu asiyejua alichotumiwa angeweza kukidai.

Upande wa pili upo pia. Malaysia, ripoti ya mkaguzi mkuu kuhusu 1MDB, mfuko wa uwekezaji wa serikali, iliwekwa chini ya sheria ya siri za serikali mwaka 2016. Wachunguzi wa Marekani wanakadiria kwamba zaidi ya dola bilioni 4.5 zilichotwa kwenye mfuko huo. Ripoti ilifunguliwa Mei 2018, baada ya wapiga kura kuiondoa serikali, na waziri mkuu aliyekuwepo, Najib Razak, alitiwa hatiani Julai 2020 na kuanza kifungo Agosti 2022. Siri ile ilikuwa inamlinda nani?

4. Mtoa taarifa anaachwa mikononi mwa aliyemtaja.

Sasa nirudi kwenye barua yangu ya tatu. Niliikabidhi Jumatatu. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo niliitwa na mkubwa ambaye matendo yake nilikuwa nimeyaeleza humo. Hakufoka. Alinikaribisha kiti, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akanisomea sentensi moja taratibu, neno kwa neno, kisha akaniuliza kama koma ile ilikuwa mahali pake. Ilikuwa sentensi yangu. Nilitambua hata doa la wino pembeni. Alirudisha karatasi mahali pake, akaniambia kwamba anathamini sana watumishi wanaojua kuandika. Mwezi uliofuata nilihamishiwa stoo ya samani chakavu, ambako hapakuwa na cha kuandika, na huko ndiko nilikostaafia.

Mimi nimepona, na nalisema hili nikijua kuna wasiopona. Afrika Kusini, Agosti 2021, ofisa mwandamizi wa fedha katika idara ya afya ya jimbo la Gauteng, aliyekuwa ameanza kuhoji malipo ya kutiliwa shaka, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake akitoka kumpeleka mtoto shule. Wanaume sita walikiri na kuhukumiwa mwaka 2023. Kinachopaswa kuwanyima usingizi ni kwamba mama huyo alikuwa akifanya kazi yake ya kila siku tu, kuangalia kama malipo yanalingana na nyaraka.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, uliopitishwa Oktoba 2003 na kuanza kutumika Desemba 2005, unazitaka nchi katika kifungu cha 33 kufikiria ulinzi kwa wanaotoa taarifa kwa nia njema. Nchi zaidi ya 180 zimeuridhia. Umoja wa Ulaya ulikwenda hatua ya mbele mwaka 2019 kwa kuweka siku: mtoa taarifa athibitishiwe ndani ya siku 7 kwamba taarifa yake imepokelewa, na aelezwe ndani ya miezi 3 nini kimefanyika. Mimi nilipata uthibitisho baada ya siku tatu, kama nilivyoeleza.

5. Ukaguzi unapiga hodi.

Ofisi yetu ilijua tarehe ya ukaguzi mwezi mzima kabla. Wiki ya mwisho rafu ya kulia ilikuwa tupu na sakafu inang'aa. Wakaguzi walipewa chumba, viti vizuri na mafaili waliyoyaomba, na hoja za ukaguzi zilizotoka hapo zilihusu risiti zilizokosa sahihi. Hoja hizo zilijibiwa mwaka uliofuata, zikaulizwa tena mwaka uliofuata wake.

Yako mawili ya kujifunza hapa. Indonesia, katika mradi wa barabara za vijijini uliohusisha vijiji zaidi ya 600, baadhi ya vijiji viliambiwa mapema kwamba hakika vitakaguliwa, wakati kwa kawaida uwezekano wa kukaguliwa ulikuwa asilimia 4 tu. Watafiti walichimba sampuli za barabara zenyewe ili kulinganisha vifaa vilivyotumika na vilivyoandikwa, wakakuta matumizi yasiyo na maelezo yamepungua kwa takriban pointi 8 za asilimia. Katika mradi huo huo, kuwaita wanakijiji kwa wingi kwenye mikutano peke yake hakukuleta tofauti kubwa. Brazil nayo, kuanzia mwaka 2003, iliamua manispaa za kukaguliwa kwa bahati nasibu iliyochezeshwa hadharani, na matokeo yakatangazwa. Mameya ambao ripoti zao zilikuwa mbaya waliadhibiwa na wapiga kura uchaguzi ulipofika. Somo ni kwamba mkaguzi afike bila kutarajiwa mahali lakini kwa uhakika kwamba atafika, na apime barabara badala ya kupima faili la barabara. Nasema hivi mimi niliyeishi kwa mafaili.

6. Tamko la mali na madeni linaishia kabatini.

Kiongozi anajaza fomu, fomu inafungiwa, na ufunguo anao mtu aliyeteuliwa na kiongozi. Hakuna anayeilinganisha na mshahara wake wala na daftari la ardhi. Fomu isiyosomwa haimzuii mtu kitu. Inamfundisha kuandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Waheshimiwa, najua mtakayojibu, kwa kuwa nimeyachapa majibu ya namna hiyo kwa miaka mingi, na mengine niliyarekebisha tahajia.

Mtasema mishahara ni midogo. Ni kweli mara nyingi, na mtumishi asiyeweza kulisha watoto hapaswi kuombwa uadilifu kwa mkopo. Lakini mshahara peke yake hautoshi. Ghana iliongeza mishahara ya polisi kwa takriban mara mbili mwaka 2010, na watafiti waliofuatilia malori barabarani wakakuta hongo waliyodai polisi haikupungua. Iliongezeka, ukilinganisha na maofisa wa forodha ambao mishahara yao haikubadilishwa. Aliyepandishiwa mshahara bila kupunguziwa nafasi ya kuuza muda alipandisha bei. Isitoshe, wale niliowaona wakila zaidi hawakuwa wenye mishahara midogo.

Mtasema wananchi ndio wanaotoa. Wapo wanaotoa ili kuruka foleni, na hao wana hatia sawa na anayepokea. Yule mama wa daftari hakuwa miongoni mwao. Kumweka kapu moja anayenunua zabuni na anayenunua mafao ya mumewe ni kumlinda wa kwanza kwa jina la wa pili.

Mtasema tuleteni ushahidi. Hongo hupokelewa na watu wawili wasio na nia ya kushuhudia, na risiti haitolewi. Kumtaka mlalamikaji alete ushahidi wa mahakamani ndipo mchunguze ni kumgeuza yeye kuwa ndiye mchunguzi. Yeye anawaletea moshi. Moto mtautafuta ninyi, ambao mna mamlaka ya kufungua kabati.

Mtasema sasa kuna mifumo ya kompyuta. Naipokea kwa mikono miwili, mradi isiwe ile ambayo nimeiona, ambamo mtumishi mmoja anaweza kuliacha ombi kwenye hatua ya "linashughulikiwa" kwa miezi sita bila mfumo kumuuliza. Hiyo ni rafu ya kulia yenye umeme.

Na mtasema chombo cha kupambana na rushwa tayari kipo. Kipo, nacho kina dagaa wengi kwenye wavu wake. Papa wanapita pembeni. Hong Kong, mwaka 1973, ofisa mwandamizi wa polisi Peter Godber alitoroka akiwa chini ya uchunguzi, na waliokuwa wakimchunguza walikuwa polisi wenzake. Wananchi waliandamana, na Februari 1974 ikaundwa tume iliyotolewa kabisa nje ya polisi. Ilipewa idara tatu: ya kuchunguza, ya kuziba mianya katika taratibu za ofisi, na ya kushirikiana na jamii. Godber alirudishwa mwaka 1975 na kufungwa. Vyombo vingi vilivyoundwa baadaye sehemu nyingine viliiga idara ya kwanza, vikazipa hizo mbili chumba kimoja na bajeti ya mabango. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa niliokwisha kuutaja uliweka sura ya kuzuia mbele ya sura ya makosa na adhabu, na sidhani kwamba waliouandika walikosea mpangilio.

Kwa hiyo ninachoomba ni haya, nayo ndani ya siku 90 tangu barua hii itoke.

Kila dirisha linalohudumia umma libandikwe ada halali, idadi ya siku za kukamilisha huduma na cheo cha ofisa anayewajibika. Mwombaji apewe namba itakayomwezesha kuona, kwa simu ya kawaida au ubaoni, ombi lake liko kwa nani tangu tarehe ipi. Na siku zikipita, ofisa aeleze kwa maandishi au akatwe mshahara. Jambo hili halihitaji sheria mpya wala mkopo. Linahitaji waraka mmoja wa kurasa mbili, na kama hakuna wa kuuandika, mimi nipo.

Mikataba yote ya umma, pamoja na kila nyongeza ya gharama, ichapishwe kabla ya malipo ya kwanza, na majina ya wamiliki halisi wa kampuni yawemo, si ya kampuni nyingine inayomilikiwa na kampuni nyingine. Malipo yoyote kwa mkataba usiochapishwa yahesabiwe kuwa deni binafsi la aliyeidhinisha.

Taarifa za rushwa zipokelewe na chombo kisichoripoti kwa yeyote anayeweza kutajwa humo, jina la mtoa taarifa litenganishwe na taarifa yenyewe tangu zinapopokelewa, na kuvujisha jina hilo liwe kosa la jinai lenye kifungo. Uhamisho wowote wa mtoa taarifa ndani ya miaka miwili uchukuliwe kuwa ni kisasi hadi mwajiri athibitishe vinginevyo. Katika yote ninayoomba, hili ndilo nisilokuwa tayari kulipunguza.

Ukaguzi wa kushtukiza uendeshwe kwa kura ya wazi, nao uanzie kwenye vitu vilivyonunuliwa kabla ya karatasi zake. Matamko ya mali ya viongozi wa juu yafunguliwe kwa umma, isipokuwa anwani za makazi na taarifa za watoto.

Mimi kwa sasa sina cheo cha kunyang'anywa wala meza ya kuhamishwa, na hilo limenirahisishia kuandika. Wapo bado masjala, leo, wanaoyaona haya na wana watoto wanaosoma. Sikuweka jina langu hapa chini ili wao waone kwamba inawezekana kusema bila kutajwa. Ninyi hamna haja ya kuuliza: jina, anwani na namba yangu ya simu vimo katika zile barua tatu za kwanza, na namba za kumbukumbu zimeandikwa kwa wino wa bluu chini ya mihuri yenu. Kama hazionekani, nashauri zitafutwe rafu ya kulia.

Wasalaam,

Karani wa masjala mstaafu